Redio ikinyamaza mchana, tuliulize Jua kwanza

Bwana Mhariri,

Katika toleo la wiki iliyopita mlichapisha habari fupi iliyosema kwamba dhoruba ya Jua ingefika duniani baada ya siku mbili na kukata mawasiliano ya redio. Nawashukuru kwa kulipa Jua nafasi katika kurasa zenu, maana ni mara chache mambo haya huandikwa kwa Kiswahili hapa Lubumbashi. Hata hivyo, habari ile ilichanganya mambo matatu ambayo wanafizikia huyatenganisha kwa uangalifu, na kwetu sisi wakazi wa Katanga tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Jambo moja mlilolitaja ndilo linalotugusa kwa mbali zaidi. Yale mawili mliyoyaacha ndiyo yanayoingia moja kwa moja katika foni zetu, yaani redio za kuongea za mawimbi mafupi, katika GPS za wapimaji wa migodi na katika antena zetu za kisahani.

Jambo la kwanza ni wingu la gesi yenye umeme na sumaku, ambalo Jua hulirusha angani na ambalo huchukua kwa kawaida siku moja hadi tatu kutufikia. Hilo ndilo linaloleta dhoruba ya sumaku ya dunia, kama ile kali ya tarehe 10 Mei 2024 iliyowaonyesha watu wa nchi nyingi za kaskazini mianga ya rangi usiku. Jambo la pili ni miale ya eksi inayotoka katika mwako wa Jua, yaani mmweko wa ghafla wa nishati juu ya uso wake. Jambo la tatu ni mlipuko wa mawimbi ya redio na ya maikrowevu unaotoka katika mwako uleule au karibu nao. Haya mawili ya mwisho husafiri kwa mwendo wa nuru, yanavuka kilomita milioni 150 kwa dakika nane na sehemu, na kwa hiyo hayana siku mbili za kutangulizwa na taarifa. Tunapoona mwako, athari yake imekwisha kufika.

Nimefanya kazi ya kutengeneza foni kabla ya kuwa mwalimu wa fizikia, na ni kwa ajili ya watu wa foni kwanza ninaandika barua hii. Kutoka Lubumbashi kwenda Pweto, Kilwa, Mitwaba, Manono au Moba, bado ziko parokia, vituo vya afya na wafanyabiashara ambao foni ya mawimbi mafupi ndiyo njia yao ya uhakika pale ambapo minara ya simu haijafika. Mawimbi hayo hupanda, yanarudishwa chini na ionosfea, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na hivyo kuruka juu ya misitu na milima hadi upande wa pili. Mwako mkubwa unapotokea, miale ya eksi huipiga sehemu ya chini kabisa ya ionosfea, kati ya kilomita 60 na 90 hivi juu yetu, na kuijaza elektroni huru. Sehemu hiyo, ambayo siku za kawaida huyapitisha mawimbi kwa hasara ndogo, huanza kuyameza. Masafa ya chini humezwa zaidi, kwa hiyo mtu wa megahezi 7 hupoteza mwenzake kabla ya mtu wa megahezi 14, na huwa wa mwisho kumpata tena. Hali hiyo huweza kudumu dakika kumi au saa nzima na zaidi, kisha hupita yenyewe bila mtu kugusa kifaa chochote.

Mfano ulio karibu nasi ni wa tarehe 6 Septemba 2017. Siku hiyo Jua liliwaka mara mbili kwa nguvu: mwako wa daraja la X2.2 (X ndilo daraja la juu kabisa la miwako) saa 5 na dakika 10 asubuhi kwa saa za Lubumbashi, na mwingine wa X9.3 saa 8 na dakika 2 mchana, ambao ulikuwa miongoni mwa mikubwa zaidi ya mzunguko ule wa Jua wa miaka kumi na moja. Magazeti ya dunia yaliandika sana kuhusu visiwa vya Karibi, kwa sababu kimbunga Irma kilikuwa kinapiga huko saa zilezile na waokoaji walikuwa wanategemea redio. Lakini saa nane mchana kwetu Jua liko juu ya Afrika, na bara letu lilikuwa ndani kabisa ya eneo ambalo mawimbi mafupi yalizimika. Hiyo ni kanuni ya jambo lenyewe: athari huwa kali zaidi pale ambapo Jua liko wima, nayo haigusi upande wa dunia ulio usikuni. Kwa mahali kama Lubumbashi, penye latitudo ya nyuzi 11 na dakika 40 kusini, Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Februari na tena karibu na tarehe 23 Oktoba. Tunaosoma kuhusu mianga ya nchi za kaskazini tukidhani kwamba mambo ya Jua ni ya Wazungu wa baridi, tunasahau kwamba katika suala hili la redio sisi ndio tulio chini ya Jua kuliko wao.

Mlipuko wa redio ni kitu kingine, na mwenye foni aliyezoea anaweza kuutambua kwa sikio. Ionosfea inapomeza mawimbi, kipokezi huwa kimya kupita kawaida, hata ile mikwaruzo ya radi za mbali hupungua. Mlipuko wa redio huleta kinyume chake: Jua lenyewe linakuwa kituo cha kurusha, na mvumo mzito hupanda katika spika, wakati mwingine kwa sekunde chache, wakati mwingine kwa dakika nyingi, ukizifunika sauti za watu.

Ningependa wasomaji wenu wajue jinsi mvumo huo ulivyogunduliwa, kwa sababu ndani yake kuna jambo linalotuhusu sana katika nchi yenye historia kama yetu. Mwishoni mwa Februari 1942, vita vikiwa vikali Ulaya, rada za jeshi la Uingereza zilizofanya kazi katika mawimbi ya mita 4 hadi 6 zilivurugwa mchana kweupe. Majuma mawili kabla, Wajerumani walikuwa wamevuruga rada za Waingereza ili kuzipitisha meli zao za kivita katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, kwa hiyo kila mtu alimdhania adui. James Stanley Hey, aliyepewa kazi ya kuchunguza, aliona kwamba rada za miji mbalimbali zilikuwa zikielekea upande mmoja wa anga, na kwamba upande huo ulikuwa unahama pamoja na Jua tangu asubuhi hadi jioni. Aliuliza kituo cha anga cha Greenwich, akaambiwa kwamba kundi kubwa la madoa meusi yenye sumaku kali lilikuwa katikati ya uso wa Jua. Taarifa yake ilibaki siri ya jeshi, na dunia iliisoma mwaka 1946 baada ya vita.

Jambo hilohilo lilirudi tarehe 23 Mei 1967, na mara hii lingeweza kuiangamiza dunia. Rada tatu za Marekani za kuonya juu ya makombora, moja Alaska, moja Greenland na moja Uingereza, zilivurugwa kwa wakati mmoja. Kuvuruga rada hizo kulihesabiwa kuwa ni tendo la vita, na makamanda walianza kuandaa ndege. Kilichowazuia ni kikundi kidogo cha wataalamu wa jeshi lao wenyewe, ambao kazi yao ilikuwa kulitazama Jua kila siku, nao walieleza kwamba siku hiyo Jua lilikuwa limetoa mlipuko mkubwa wa redio na kwamba rada zote tatu zilikuwa zinaangaliwa na Jua. Habari hiyo ilijulikana kwa umma kikamilifu mwaka 2016.

Bwana Mhariri, sisi tunaishi katika nchi ambamo foni ya kijiji ikinyamaza mchana, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba kuna watu wamekata mawasiliano kwa makusudi, na jambo la pili ni kukimbia. Simlaumu yeyote, kwa maana mara nyingine huwa ni kweli. Lakini kwa sababu huwa ni kweli mara nyingine, tunahitaji shahidi asiye na upande, atakayeweza kusema: saa fulani na dakika fulani, kilichonyamazisha redio za Katanga ni Jua. Leo shahidi huyo tunamtafuta katika tovuti za nchi za mbali, nasi hapa hatuna chombo chetu hata kimoja ninachokifahamu kinachosikiliza Jua kila siku.

Kusikiliza huko ni elimu ambayo kijana wa sekondari anaweza kuielewa. Korona, yaani angahewa ya nje ya Jua yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, imejaa elektroni huru, na elektroni hizo zikisukumwa hutikisika kwa masafa yanayotegemea wingi wao. Penye elektroni milioni 100 katika sentimita moja ya ujazo, masafa hayo ni karibu megahezi 90, yaani palepale ambapo redio za FM za mjini kwetu zinaanzia. Wingi ukipungua mara nne, masafa hushuka kwa nusu. Sasa fikiria kundi la elektroni lililorushwa kutoka katika mwako likipanda kwenda nje: kila linapofika mahali pembamba zaidi, linaamsha mawimbi ya masafa ya chini zaidi. Katika mchoro wa chombo huonekana mstari unaoshuka kutoka masafa ya juu kwenda ya chini. Mstari ukishuka kwa sekunde chache, ni elektroni zilizokwenda kwa sehemu kubwa ya mwendo wa nuru, na wanasayansi huuita mlipuko wa aina ya tatu. Ukishuka polepole kwa dakika kadhaa, ni wimbi la mshtuko linalokwenda kilomita elfu moja hivi kwa sekunde, nao ni wa aina ya pili. Kutokana na mteremko wa mstari huu wa pili mtu anaweza kukadiria ni lini mshtuko ule, ukija upande wetu, utaifikia dunia. Siku kama zile mbili mlizoziandika zinaweza kukadiriwa kwa njia hiyo, yaani kwa kuisikiliza redio ya Jua.

Aina hizo zilipangwa na Paul Wild na wenzake Australia kuanzia mwaka 1950, lakini kabla yao alikuwapo Ruby Payne-Scott, mwanamke wa kwanza katika unajimu wa redio, yaani elimu ya kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio. Mapambazuko ya tarehe 26 Januari 1946, juu ya genge la bahari Dover Heights huko Sydney, yeye na wenzake walitumia mawimbi ya Jua yaliyokuja moja kwa moja pamoja na yale yaliyoakisiwa na maji, wakaweza kuonyesha kwamba kelele ile ilitoka katika eneo dogo lenye madoa. Aliondoka kazini mwaka 1951, katika zama ambazo sheria za huko zilimnyima mwanamke aliyeolewa ajira ya kudumu. Namtaja kwa sababu wasichana katika darasa langu huuliza kila mwaka kama fizikia ni yao.

Upande wa maikrowevu unawahusu zaidi watu wa migodi. Huko, katika masafa ya gigahezi, mawimbi mengi ya mlipuko hutolewa na elektroni zenye nguvu kubwa zinazozunguka katika nyuga za sumaku juu ya madoa, na kwa hiyo maikrowevu hutuambia nguvu ya sumaku mahali ambapo hakuna chombo kinachoweza kufika. Tarehe 10 Septemba 2017, siku nne baada ya mwako nilioutaja, antena 13 za Owens Valley huko California zilipima mwako mwingine katika masafa mengi kwa pamoja, na watafiti wakaona uga wa sumaku ukidhoofika kwa kasi ya takriban gausi 5 kila sekunde, kwa muda wa kama dakika moja. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi nguvu ya mwako inavyochotwa kutoka katika sumaku, jambo ambalo hapo awali lilikuwa limebaki zaidi katika hesabu.

Hata Jua tulivu hutoa maikrowevu, na wasomaji wenu wengi wameyashuhudia bila kujua. Siku chache baada ya tarehe 20 Machi, na tena siku chache kabla ya tarehe 23 Septemba, Jua linapoonekana kutoka Lubumbashi hupita nyuma ya setilaiti za televisheni. Kwa dakika chache, saa karibu ileile kwa siku kadhaa mfululizo, picha hukatika ilhali mbingu ni nyeupe. Fundi huitwa, antena hugeuzwa, na pesa hulipwa kwa kazi isiyohitajika. Antena ilikuwa mahali pake, ila ilikuwa inalitazama Jua pamoja na setilaiti.

GPS nayo hufanya kazi katika gigahezi 1.2 na 1.6 hivi, kwa ishara dhaifu mno. Tarehe 6 Desemba 2006 Jua lilitoa mlipuko ambao katika gigahezi 1.4 ulifikia kama vipimo milioni moja vya mkondo wa Jua, wakati Jua tulivu katika masafa hayo halifikii hata mia kadhaa. Vipokezi vya GPS upande wote wa dunia uliokuwa mchana vilipoteza setilaiti. Sisi tulikuwa usiku, hatukuona kitu. Ninalotaka wapimaji wa Kolwezi na Fungurume walizingatie ni kwamba mwaka ule Jua lilikuwa linaelekea katika utulivu wa mwisho wa mzunguko wake. Vilevile tarehe 4 Novemba 2015, rada za kuongozea ndege Sweden zilivurugwa na safari zikasimamishwa kwa muda, na mwako wa siku hiyo ulikuwa wa daraja la kati tu. Ukubwa wa mwako katika miale ya eksi hauwezi kutuambia ukubwa wa mlipuko wake katika redio. Ni lazima redio yenyewe isikilizwe.

Basi ombi langu ni hili. Kuna chombo kiitwacho Callisto, kilichobuniwa na Christian Monstein alipokuwa katika chuo cha ufundi cha ETH huko Zurich, ambacho kiini chake ni tyuna ya televisheni ya kawaida. Husikiliza kati ya megahezi 45 na 870, hupima mara 800 kila sekunde, na kazi yake huendeshwa na kompyuta ndogo. Vituo vya namna hiyo vimetapakaa duniani na vyote huweka vipimo vyao mahali pamoja kwa ajili ya kila mtu; katika Afrika viko Misri, Ethiopia, Morisi na hata Rwanda. Zambia, ambayo tunaingia kwa miguu pale Kasumbalesa, ni mojawapo ya nchi nane zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika maandalizi ya darubini kubwa ya redio ya SKA. Afrika Kusini yenyewe, huko Hermanus, ilifungua mwaka 2022 kituo kinachotoa taarifa za hali ya Jua usiku na mchana. Jiji lenye chuo kikuu, vyuo vya ufundi na wahandisi wa migodi kama letu halina sababu ya kukosa kipokezi kimoja cha namna hii.

Tatizo la kweli nalijua, nalo ni kelele. Mjini, redio za FM na minara ya simu zitafunika sehemu ya masafa, na umeme ukikatika watu watashauri paneli za jua bila kukumbuka kwamba invata na vidhibiti vya betri vya bei rahisi hurusha kelele nyingi chini ya megahezi 100, palepale milipuko inapoonekana vizuri. Kwa hiyo antena iwekwe nje ya mji, umbali wa kutosha kutoka katika nyaya za umeme mkubwa, na mwenye kuiweka apime kwanza mahali kadhaa kwa kipokezi cha mkononi kabla ya kuchimba shimo la nguzo. Walimu wa fizikia na elektroniki wako tayari kuifanya kazi hiyo pamoja na wanafunzi. Tunachohitaji ni taasisi moja itakayokubali kukitunza chombo na kulipa intaneti.

Wakati tunasubiri, wenye foni wanaweza kuanza leo. Nawaomba, kila mara mawasiliano yanapozimika au mvumo unapopanda kati ya asubuhi na magharibi, waandike katika daftari tarehe, saa na dakika, masafa waliyokuwa wakitumia, mahali mwenzao alipokuwa, na kama kipokezi kilikuwa kimya au kilivuma. Saa waiandike kwa saa ya kimataifa, yaani saa ya Lubumbashi inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane, kutoa mbili (saa 8 mchana ni 14:00, nayo huandikwa 12:00), kwa sababu nchi yetu ina saa mbili tofauti na daftari la Kinshasa halitalingana na la Moba bila hivyo. Iwapo gazeti lenu litakubali kupokea kumbukumbu hizo na kuzichapisha mara moja kwa mwezi, mimi na walimu wenzangu tutazilinganisha na taarifa za miwako zinazotolewa hadharani, na tutawaandikia ni zipi zilizosababishwa na Jua na ni zipi ambazo Jua halikuhusika nazo.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa fizikia,
Lubumbashi